Kunguru juu ya Ngano: Kisa na Maana ya Picha Moja ya Vincent van Gogh

Picha ina bahati yake kama mtu alivyo na bahati yake. Ziko picha zinazosifiwa kwa rangi, na ziko zinazosifiwa kwa umbo. Lakini ziko chache ambazo sifa yake imetokana na kisa kilichosimuliwa juu yake, hata kisa kikawa kizito kuliko picha yenyewe. Katika hizo chache imo picha ya shamba la ngano lenye kunguru, iliyochorwa na Vincent van Gogh mwezi wa Julai 1890 katika kijiji cha Auvers-sur-Oise, kaskazini ya Paris. Watu wengi ambao hawakupata kuiona wanaijua habari yake. Husema kuwa ndiyo picha ya mwisho ya mchoraji huyo. Kwamba alipoimaliza alijipiga risasi papo hapo shambani. Kwamba kunguru wale ni mauti yaliyomjia, na njia ile inayopotea katikati ya ngano ni maisha yake yaliyofika ukingoni. Wahenga walisema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Juu ya picha hii lilisemwa jambo ambalo halikuwapo, na kwa kurudiwa sana likaja, likakaa mahali pa kweli.

Uhakiki wa haki hauna budi kuuliza maswali mawili. La kwanza, kisa hicho ni cha kweli kwa kadiri gani? La pili, picha yenyewe yasema nini ikiachwa iseme? Majibu ya maswali hayo hayahusu turubai moja tu. Yanahusu heshima ya kazi ya mtu aliyekuwa mgonjwa: kama kazi yake yastahili kuhesabiwa kazi, au yahesabiwa dalili ya maradhi yake.

Kwanza itazamwe picha. Imechorwa kwa rangi ya mafuta. Kimo chake ni sentimita 50 na nusu, na upana wake ni sentimita 103, yaani upana ni kama kimo mara mbili. Imehifadhiwa katika Makumbusho ya Van Gogh mjini Amsterdam, yaliyofunguliwa mwaka 1973. Sehemu ya juu ni mbingu ya buluu nzito, mahali pengine ikikaribia weusi, na ndani yake yamo mabaka ya buluu iliyopauka kama mawingu yanayojizungusha. Sehemu ya chini ni ngano iliyoiva, ya manjano, iliyopigwa burashi kwa mapigo mafupi yenye nguvu, kila pigo likielekea upande wake kama suke linalosukumwa na upepo. Njia tatu za udongo mwekundu, zenye kingo za majani ya kijani, zimepita shambani. Mbili zatoka nje ya picha, moja kushoto na moja kulia. Ya tatu inaingia katikati ya ngano, inapinda, kisha haionekani tena. Toka ngano hadi mbinguni wametawanyika kunguru, na kila kunguru ni michirizi michache tu ya rangi nyeusi. Hamna mtu, hamna nyumba, hamna mti.

Mchoraji wa picha hii huwekwa katika kundi la wachoraji wa posti-impreshonizimu. Jina hilo yeye mwenyewe hakulijua. Lilitolewa na Mwingereza Roger Fry mwaka 1910, alipofanya maonyesho ya picha mjini London, miaka 20 baada ya Van Gogh kufariki. Na chini yake wakakusanywa watu waliotofautiana sana, kama Paul Cézanne, Paul Gauguin na Georges Seurat. Lakini jina hilo lina faida moja kwa mtu anayetafuta maana ya picha. Wachoraji wa impreshonizimu, waliowatangulia hao, walijitahidi kuushika mwanga kama unavyoliangukia jicho kwa dakika moja. Waliowafuata waliupokea mwanga huo na rangi zake, kisha wakataka zaidi. Cézanne na Seurat walitaka utaratibu na uimara. Gauguin na Van Gogh walitaka rangi ibebe wazo na moyo wa mtu. Kwa hiyo kuuliza picha ya Van Gogh ina maana gani si kuitwisha mzigo isioujua. Aliichora ili iwe na maana. Kosa laweza kuwa katika jibu tu.

Vincent van Gogh alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Groot-Zundert, Uholanzi, mtoto wa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti. Alifanya kazi ya kuuza picha, akafundisha shule, akahubiri kwa wachimbaji wa makaa ya mawe huko Borinage, Ubelgiji. Na mahali pote hapo hakudumu. Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, aliazimu kuwa mchoraji. Tangu hapo aliishi kwa fedha alizopelekewa na mdogo wake, Theo, aliyekuwa mwuza picha mjini Paris. Mwezi wa Desemba 1888, mjini Arles, alishikwa na maradhi ya akili akajikata sikio. Mwezi wa Mei 1889 aliingia kwa hiari yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, akakaa mwaka mmoja. Tarehe 20 Mei 1890 alifika Auvers, akapanga chumba katika nyumba ya wageni ya Ravoux, akawa chini ya uangalizi wa daktari Paul Gachet. Siku alizoishi huko zilikuwa kama 70, na picha alizochora zilikuwa zaidi ya 70. Hesabu hiyo peke yake yaonyesha mtu aliyekuwa akifanya kazi toka asubuhi hadi jioni.

Tarehe 6 Julai alikwenda Paris kumzuru Theo. Hakukuta raha. Theo alikuwa hapatani na mabwana waliomwajiri, akifikiri kuacha kazi na kujitegemea. Mtoto wake, aliyezaliwa mwezi wa Januari mwaka huo na kupewa jina la Vincent, alikuwa ametoka katika ugonjwa. Na mkewe, Jo, alikuwa amechoka. Vincent, ambaye chakula chake, chumba chake na rangi zake zote zilitoka katika mfuko wa ndugu yake, alirudi Auvers akiwa na wasiwasi kwamba yeye ni mzigo juu ya nyumba iliyokwisha lemewa.

Kama tarehe 10 Julai aliwaandikia Theo na Jo barua, na barua hiyo ndiyo ufunguo wa jambo lote. Aliwaambia kuwa aliporudi alianza kazi tena, ingawa burashi ilikaribia kumponyoka mkononi. Na kwamba, akijua wazi anachokitaka, alikuwa amekwisha chora turubai tatu kubwa. Mbili katika hizo, alieleza, ni mashamba ya ngano yasiyo mwisho chini ya mbingu zilizochafuka, na ndani yake alikusudia kueleza huzuni na upweke uliopita kiasi. Kama barua ingekomea hapo, wenye kisa wangekuwa na haki. Lakini haikukoma. Aliongeza kuwa ataraji kuwapelekea picha hizo Paris upesi, kwa sababu anaamini zitawaambia jambo asiloweza kulisema kwa maneno, nalo ni ile afya na nguvu anayoiona katika maisha ya shamba.

Wataalamu wengi wakubali kuwa picha ya kunguru ni moja ya turubai hizo. Basi mchoraji mwenyewe ameacha maelezo yenye pande mbili: huzuni na upweke upande mmoja, afya na nguvu upande wa pili. Na siku zile zile alimwandikia mama yake na dada yake barua nyingine, akiwaambia kuwa moyo wake umezama katika uwanda wa ngano ulioenea mpaka vilimani, mpana kama bahari, na kwamba hali yake ni ya utulivu, tena karibu utulivu mno. Barua za Vincent kwa Theo zilichapishwa mwaka 1914 kwa bidii ya Jo. Tangu mwaka huo, mtu yeyote aliyetaka kuyasoma maneno yale ya tarehe 10 Julai aliweza kuyasoma. Ajabu ni kwamba waliosoma walichukua nusu, nusu wakaiacha.

Sababu ya kuiacha si ngumu kuiona. Jumapili tarehe 27 Julai Van Gogh alitoka nyumbani kwa Ravoux, akajipiga risasi, akarudi kwa miguu, akafa tarehe 29 Julai, Theo akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka 37. Theo naye alifariki tarehe 25 Januari 1891, hata miezi sita haikutimia. Msiba wa namna hiyo hutafuta picha ya kuandamana nao, na watu hupenda hadithi iliyofungwa vizuri. Shamba lenye mbingu nyeusi, njia isiyofika mahali na kundi la ndege weusi lilikuwa tayari kuupokea msiba huo. Mwaka 1934 Mmarekani Irving Stone aliandika riwaya ya maisha ya Van Gogh iliyosomwa mahali pengi. Mwaka 1947 Mfaransa Antonin Artaud, ambaye naye alikuwa amekaa miaka mingi katika hospitali za wagonjwa wa akili, aliandika kitabu chenye uchungu mwingi juu ya mchoraji huyu, akawaweka kunguru wale karibu kabisa na kifo chake. Mwaka 1956 riwaya ya Stone ikageuzwa sinema, na humo mtazamaji alimwona mchoraji akiwapiga kunguru rangi kwa hasira, kisha akisikia mlio wa bastola. Tangu hapo kisa kiliwafikia hata watu wasiosoma vitabu, na jicho lililokwisha ona sinema lilikuwa vigumu kuiona turubai.

Ushahidi wa tarehe wakikanusha kisa hicho. Picha iliyotajwa katika barua ya tarehe 10 Julai haiwezi kuwa picha iliyochorwa tarehe 27. Kati ya siku hizo mbili mchoraji hakukaa bure. Alichora bustani iliyokuwa ya mchoraji Charles-François Daubigny, na katika barua ya mwisho aliyompelekea Theo, ya tarehe 23 Julai, alitia mchoro mdogo wa bustani hiyo pamoja na maagizo ya rangi alizokuwa akizihitaji. Tena Andries Bonger, kaka wa Jo, aliacha neno kuwa asubuhi iliyotangulia kifo Vincent alikuwa amechora sehemu ya mwitu iliyojaa jua na uhai. Neno hilo laafikiana na turubai moja isiyokamilika, yenye mizizi na mashina ya miti kwenye mteremko. Mwaka 2020 mtaalamu Wouter van der Veen, kwa kuilinganisha turubai hiyo na kadi ya posta ya zamani, alipatambua mahali penyewe: kando ya njia, si mbali na nyumba ya Ravoux. Wataalamu wa Amsterdam sasa waihesabu mizizi ile kuwa ndiyo kazi ya mwisho ya Van Gogh, au karibu na kuwa ya mwisho kuliko nyingine yoyote.

Walakini haitoshi kuwaondolea kunguru kisa kile na kuwatwika mizizi. Wako waliokwisha anza kuitazama mizizi ile kama mikono ya mtu anayekufa. Hilo ni kosa lile lile kwa nguo mpya. Kama ilikuwa ya mwisho, ilikuwa ya mwisho kwa sababu baada yake hakuna nyingine. Na kuwa ya mwisho katika hesabu si kuwa wasia.

Uko ushahidi mwingine usiotajwa sana, nao ni wa picha kwa picha. Barua ya tarehe 10 Julai yataja mashamba mawili chini ya mbingu zilizochafuka. La pili lajulikana, nalo liko Amsterdam pia: shamba la ngano chini ya mawingu ya mvua. Ukubwa wa turubai ni ule ule, kijiji ni kile kile, juma ni lile lile, na mchoraji ameeleza zote mbili kwa sentensi moja. Lakini katika shamba hilo la pili hamna kunguru wala njia. Mna kijani kilicholowa, buluu pana, na mawingu meupe. Hapana mtu aliyelisimulia kisa cha kifo. Kama huzuni ya mchoraji ndiyo iliyowatisha watazamaji, ingalitisha katika picha zote mbili sawasawa. Iliyotisha ni alama: ndege weusi na njia isiyo mwisho. Basi kisa hakikutoka katika moyo wa mchoraji. Kilitoka katika desturi ya watazamaji ya kuzisoma alama hizo.

Alama zenyewe, je, zilikuwa na maana gani kwake? Kunguru kila taifa limemtwika neno lake. Kwa Waswahili ni ndege mwoga, naye kwa uoga wake hukimbiza mbawa zake zikapona. Kwa watu wengi wa Ulaya ni ndege wa maiti na bahati mbaya. Lakini kwa Van Gogh kunguru alikuwa kwanza ndege wa shamba. Mwaka 1885, huko Nuenen, alichora mnara wa kanisa bovu uliozungukwa na makaburi ya wakulima, na kunguru wakiruka juu yake. Akaeleza kuwa alitaka kuonyesha jinsi kufa na kuzikwa kwa wakulima kulivyo jambo jepesi kama jani kuanguka wakati wake. Mapema mwaka 1890, akiwa Saint-Rémy, alichora upya kwa rangi zake picha ya Jean-François Millet, mchoraji wa wakulima aliyempenda kuliko wengi: shamba wakati wa baridi, jembe la kukokotwa limeachwa, na kunguru juu ya udongo. Kunguru hufuata jembe na hufuata mavuno. Mwezi wa Julai, ngano ikiwa imeiva, mahali pao ni hapo hapo.

Ngano nayo ina historia ndefu katika kazi yake. Huko Arles, mwaka 1888, alimchora mpanzi akitembea shambani na jua kubwa nyuma yake. Huko Saint-Rémy, mwaka 1889, alimchora mvunaji mwenye mundu katika ngano iliyozungukwa na ukuta wa hospitali, akamweleza Theo kuwa katika mvunaji huyo aliona sura ya mauti, kwa maana wanadamu ni kama ngano inayokatwa. Lakini alisema pia kuwa katika mauti hayo hamna huzuni, kwa sababu yanapita mchana kweupe, chini ya jua linalomwaga dhahabu juu ya kila kitu. Mtu aliyekwisha andika hivyo hakuhitaji ndege weusi ili aseme habari ya mauti. Alikuwa na lugha yake, na katika lugha hiyo mauti yaliweza kuvaa manjano.

Habari ya rangi ni vivyo hivyo. Mtazamaji aliyepewa kisa huona katika buluu ile nzito dhoruba ya akili. Lakini mwaka 1884, miaka sita kabla, Van Gogh alikuwa amekwisha andika juu ya majira ya mwaka na rangi zake: masika ni kijani kichanga cha ngano na waridi ya maua ya matofaha, majani ya kupukutika ni manjano dhidi ya zambarau, baridi ni theluji na vivuli vyeusi, na kiangazi ni buluu iliyosimama dhidi ya dhahabu ya ngano iliyoiva. Elimu hiyo ya rangi zinazopingana ili zitiane nguvu aliipata katika vitabu vilivyoeleza kazi ya Eugène Delacroix. Basi kwa kipimo chake mwenyewe, buluu na manjano ya picha hii ni kiangazi. Na si hiyo tu. Chini yake amelaza jozi nyingine ya wapinzani, njia nyekundu na majani ya kijani, ili sehemu ya chini isizimwe na uzito wa mbingu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkono uliopanga rangi hivyo ulikuwa ukifuata elimu, hata kama burashi ilikuwa ikiteleza.

Mwaka 1946 mhakiki Meyer Schapiro aliichambua picha hii kwa makini, akaonyesha jambo ambalo wengi walilihisi wasilitambue. Kwa kawaida njia katika picha humwongoza mtazamaji mbele, hadi upeo wa macho. Katika picha hii mwendo ni kama umegeuzwa: njia zapanuka na kutawanyika zikimjia mtazamaji, na upeo wa mbali ni kama unamsogelea. Hakuna mahali pamoja ambapo jicho laweza kutua. Schapiro alionyesha pia kuwa vitu vimepangwa kwa hesabu inayopanda: mbingu ni moja, ngano imegawanyika, njia ni tatu, na kunguru hawana idadi. Maelezo hayo yaeleza vizuri kwa nini picha inafadhaisha. Fadhaa hiyo ni ya kweli, na kuikana kungekuwa kuipunja picha. Lakini yatokana na umbo, na umbo lilichaguliwa. Turubai ndefu za namna hiyo alizitumia kwa mandhari nyingi za Auvers katika majuma yake ya mwisho, na nyingi katika hizo ni tulivu. Alijua upana huo unafanya nini, na hapa aliutumia kumwacha mtazamaji peke yake mbele ya uwanda mkubwa. Upweke aliosema ameukusudia umeletwa na ujuzi.

Nao kunguru, waruka kwenda wapi? Mwenye kisa husema wanakuja. Akiulizwa kwa nini, hana jibu ila kisa. Kila mmoja ni alama ya mbawa mbili tu. Hana kichwa wala mdomo wa kuonyesha aendako. Wengine wako chini karibu na masuke, wengine juu wamekuwa vijiti. Huenda wanakuja, huenda wametishwa na upepo wakaondoka. Mchoraji aliacha jambo hilo wazi, na uwazi huo ni sehemu ya nguvu ya picha. Anayelifunga anapata hadithi na kupoteza picha.

Yaweza kusemwa, na ni haki kusemwa, kuwa mtu aliyejiua siku 17 hivi baada ya barua ile hakuwa mzima wakati akiandika, na kwamba maneno ya afya na nguvu huenda yalikuwa ya kumtuliza ndugu mwenye wasiwasi. Hoja hiyo ina uzito. Van Gogh aliteseka, na barua yenyewe yakiri kuwa aliogopa kuwa mzigo. Lakini hoja hiyo yakata pande mbili. Kama maneno yake ya matumaini hayaaminiki kwa kuwa alikuwa mgonjwa, basi na maneno yake ya huzuni yasiaminiwe kwa sababu hiyo hiyo. Haifai mhakiki achague katika kinywa cha marehemu yale yanayomfaa, mengine ayatupe. Marehemu amesema mawili, na picha ina mawili: mbingu inayolemea na ngano isiyolemewa. Sehemu ya chini ing'aayo si ndogo kuliko sehemu ya juu yenye giza. Mizani hiyo yaonekana kwa jicho, haihitaji barua.

Hapo ndipo penye dhara kubwa la kisa kile. Si kosa la tarehe tu, maana tarehe husahihishwa. Dhara ni kwamba kisa chamfanya mchoraji kuwa chombo kilichopasuka, na picha kuwa yaliyomwagika. Mgonjwa hupoteza mengi kwa ugonjwa: hupoteza kazi, rafiki, imani ya jirani. Mjini Arles majirani walitia sahihi waraka wakitaka Van Gogh aondolewe nyumbani kwake, na mwaka 1889 nyumba yake ikafungwa. Wanaoisoma picha hii kama barua ya kujiua wamnyang'anya kitu cha mwisho ambacho majirani wale hawakuweza kumnyang'anya, nacho ni akili aliyoitumia kazini. Maradhi yalipomshika sana, kwa kawaida hakuchora. Mwenyewe alilalamika mara nyingi kuwa mashambulio yale yampotezea siku za kazi. Alichora zaidi alipopata nafuu. Picha zake nyingi zilitoka katika saa alizoziokoa kwa ugonjwa.

Kwa hiyo maana ya picha ya kunguru yaweza kuelezwa bila kisa. Ni shamba wakati wa mavuno, limetazamwa na mtu mpweke anayelipenda. Mbingu yaleta mvua, ndege wamo kazini, njia zakwenda mahali ambapo jicho halifiki. Mtu huyo ana huzuni, na hafichi. Lakini mbele yake kipo kitu kikubwa kuliko huzuni yake, chenye kuota na kuiva bila kumwuliza. Vyote viwili ameviweka pamoja, hakukiacha kimoja kikimeze kingine. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kulia, na ni ngumu kuliko kufariji.

Vincent na Theo wamezikwa ubavu kwa ubavu katika makaburi ya Auvers, juu ya kijiji. Mifupa ya Theo ilihamishiwa huko mwaka 1914. Nje ya ukuta wa makaburi hayo yako mashamba ya ngano. Turubai ile aliyotaraji kuipeleka Paris ilisalia kwa Jo, kisha kwa yule mtoto aliyekuwa mgonjwa mwezi wa Julai 1890, ambaye alikua akawa mzee, akasaidia kuanzisha makumbusho ilimo hivi leo. Ilikusudiwa kuwaambia watu wa nyumba moja yenye wasiwasi kuwa shamba lina afya. Watu wa nyumba hiyo waliihifadhi miaka yote. Waliobaki hawana budi kuitazama kwanza, kisha wasimulie.